Wa Tisa Kutoka Langoni

Sura ya Nne

Kisiki kilikuwa kizima.

Inspekta alipiga goti, akapuliza vumbi la msumeno, akapitisha kidole kutoka kwenye gome hadi katikati. Hakukuta uwazi wala doa jeusi, wala ule unga mwepesi ambao mti uliooza huuacha mkononi. Ndani palikuwa pagumu, pa rangi moja, na utomvu ulikuwa bado unatoka pembeni. Mti huu ungeweza kusimama miaka arobaini mingine bila kumsumbua mtu.

Alisimama, akajipangusa magoti, akatembea kwenye njia kuu ya bustani huku akihesabu hatua. Sabini. Pale alisimama tena. Mti wa pili ulikuwa umelala chini kwa upana wote wa njia, na huu hakuna aliyeukata. Ulikuwa umevunjika wenyewe siku ya Alhamisi saa sita mchana, bila upepo, ukaangukia benchi. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa miaka hamsini na sita aliyekuwa anatoka kliniki ya sukari ng'ambo ya barabara, anapumzisha miguu kabla ya kurudi nyumbani. Alikufa palepale. Shina la mti huo, mahali lilipokatika, lilikuwa limelegea kama mkate uliolowa.

Inspekta aliandika kwenye kijitabu chake: *Jumatano umekatwa mti mzima. Alhamisi umeanguka mti mbovu. Kati ya miti hiyo miwili, hatua sabini.*

Shida yake ilikuwa kwamba faili tayari lilikuwa na mtu aliyekiri.

Aliyekiri alikuwa mume wa marehemu, mtunza bustani hii hii kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye wenzake wote walimwita Mzee Reki. Alikuja kituoni Jumamosi, siku moja baada ya mazishi, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akatoa maelezo ya sentensi tatu: mti ulikuwa mbovu, akauzungushia kamba ili watu wasiusogelee, Jumatano jioni aliitoa ile kamba, akasahau kuirudisha, mke wake alikaa pale kwa sababu yake. Kisha aliomba afungwe. Mkuu wa kituo alikataa kumweka mfiwa rumande, akamwambia awe anaripoti kila asubuhi. Mzee akawa anaripoti saa mbili kamili na kukaa kwenye korido mpaka ofisi zifungwe, kana kwamba ndiyo kazi yake mpya.

"Mtu amekiri kwa kinywa chake," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Inspekta asubuhi hiyo. "Unatafuta nini tena?"

"Kamba."

"Kamba gani?"

"Anayosema aliitoa. Nimekwenda stoo ya bustani. Kitabu kinaonyesha aliichukua Jumatatu. Hakionyeshi kwamba imerudi, na stooni haimo."

"Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho saa sita mchana. Kukiwa na kamba au kusiwe na kamba."

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na siku moja. Akishindwa, mzee angeshtakiwa kwa kusababisha kifo cha mke wake mwenyewe.

Alianza na mtu aliyeshika msumeno.

Kikosi cha kukata miti cha manispaa kilikuwa na karakana yake nyuma ya kituo cha magari ya taka. Kiongozi wao alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, jina lake la kazini Msumeno. Alikuwa anapaka grisi mnyororo wa mashine alipomwona mgeni.

"Karibu, afande. Kama umekuja kukamata, anza na huyu," akaigonga mashine kwa bisibisi. "Ndiye mwenye meno."

Inspekta hakucheka. "Jumatano mlikata mti mzima."

"Tulikata mti tulioandikiwa."

"Magogo yako wapi?"

Msumeno aliweka bisibisi chini. "Aa, sasa najua unakokwenda. Wote mnakwenda huko. Mtu akiona fundi wa msumeno na mti mzuri, kichwani anaona vitanda na makabati yameshapangwa. Twende ukahesabu mwenyewe."

Nyuma ya karakana kulikuwa na magogo kumi na moja, kila moja limeandikwa 9 kwa chaki. Inspekta alitoa futi ya kamba, akapima gogo la chini kwa upana: lililingana na kisiki. Akapima urefu wa kila gogo na kujumlisha, kisha akalinganisha na urefu aliokuwa ameukadiria bustanini kwa mti jirani wa kile kisiki. Hapakukosekana hata nusu mita. Wazo kwamba kikosi kiliuacha mti mbovu ili kijipatie mbao nzuri lilikufa hapohapo, na Inspekta alilikata kwa mstari bila majonzi.

"Nionyeshe hati ya kazi."

Msumeno aliitoa ndani ya gari, imekunjwa mara nne. *Bustani kuu, njia kuu, mti namba 9. Mbovu. Ukatwe. Baada ya kazi kamba iondolewe.* Chini yake mhuri wa bluu: IMEHAKIKIWA, na sahihi ya mkuu wa idara ya bustani.

"Kwenye mti namba tisa mlikuta kamba?"

Msumeno alijifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji.

"Hapana."

"Ilikuwa wapi?"

"Mbele kule. Kwenye ule mwingine."

"Na hukujiuliza?"

"Nilijiuliza, afande, na nikajijibu. Nikasema wazee wa bustani wamefunga kamba mti sio. Hati inasema tisa, kibati kwenye mti kinasema tisa. Sisi tunakwenda kwa namba. Ningekata mti wenye kamba usio na hati, leo ungekuwa hapahapa unaniuliza kwa nini."

"Kwa hiyo mkaiacha kamba."

"Hati inasema iondolewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliiondoa mimi mwenyewe. Kwa panga. Saa tisa alasiri."

Aliingia tena kwenye gari, safari hii akatoka na kamba ya njano, vipande viwili. Fundo lilikuwa bado limekazwa, zuri, la mtu anayejua kufunga. Kando ya fundo, kamba ilikuwa imekatwa kwa pigo moja.

"Mzee Reki angeifungua," Inspekta alisema.

"Yule? Yule anafungua hata kamba ya gunia la mbolea, halafu anaikunja anaiweka mfukoni. Akiona hii atanitukana." Msumeno akakumbuka mzee yuko kwenye hali gani. "Yule mama mwaka jana alitununulia maji ya kunywa, tulipokuwa tunapogoa pale. Watu sita. Hata hatukumwomba."

Inspekta alitia kamba kwenye mfuko, akaandika tarehe na saa juu yake. Sasa alijua jambo moja kwa hakika: mzee alikuwa amekiri kosa ambalo hakulifanya. Swali lilikuwa ni la nani.

Mkuu wa idara ya bustani alikuwa na ofisi kubwa, dirisha kubwa, na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Alimkaribisha Inspekta kwa maelezo marefu kuhusu miti elfu nne, viwanja sita vya michezo, maeneo mawili ya makaburi, nyasi za kandokando ya barabara zote za mji, na wafanyakazi waliopunguzwa mpaka mtu mmoja anafanya ya watatu. Mzee Reki mwenyewe alikuwa amehamishwa kwa muda Jumanne, kwenda kumwagilia maua ya mzunguko wa barabara, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

"Nieleze mti unakatwaje," Inspekta alisema. "Kwa utaratibu."

"Mtunza bustani anatoa taarifa. Karani wa mapokezi anaiandika kwenye kitabu, na namba ya mti. Mimi au msaidizi wangu tunakwenda kuuona. Tukiridhika, nagonga mhuri, hati inakwenda kwa kikosi."

"Huu mlikwenda kuuona?"

"Wiki ile nilikuwa na vikao, mama, vya—"

"Sikuuliza vikao."

Maji yalidondoka kwenye ndoo mara nne.

"Sikwenda."

"Msaidizi wako?"

"Hakwenda."

"Lakini mhuri unasema imehakikiwa."

"Mhuri ndio huo mmoja, hatuna mwingine." Mkuu wa bustani alijisogeza mbele. "Ila tuseme ukweli, kosa halikuanzia kwangu. Namba niliikuta imeshaandikwa. Tazama."

Alifungua kitabu cha taarifa. Mwandiko ulikuwa safi, umelala kidogo kulia, kila herufi imekamilika.

*Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi. Kwa simu kutoka kwa mtunza bustani. Mti mbovu, njia kuu, wa tisa kutoka langoni. Kibati kimemezwa na gome, hakisomeki. Namba 9. Kamba imewekwa.*

Inspekta alisoma mara mbili. Kisha aliinuka akaenda kwenye ramani ya bustani iliyobandikwa nyuma ya mlango. Ilikuwa ya zamani. Njia kuu ilikuwa na miti ishirini na minne kwenye safu moja, na namba zilianzia upande wa juu, palipoandikwa LANGO. Upande wa chini, mwisho wa safu, mtu alikuwa amechora kwa kalamu mstari mdogo na kuandika: *lango la sasa*.

"Hili la juu liko wapi?"

"Halipo. Barabara ilipopanuliwa lilijengewa ukuta. Miaka kumi na mmoja sasa. Likafunguliwa la huku chini."

"Namba hamkubadilisha."

"Vibati ishirini na vinne, mama, na kila kimoja kina misumari yake. Nani angebadilisha?"

Inspekta aliweka ncha ya kalamu kwenye lango la sasa na kuhesabu kwenda juu. Mti wa tisa ulikuwa namba kumi na sita. Huo ndio ulioanguka. Akaweka kalamu kwenye lango la zamani na kuhesabu kwenda chini. Mti wa tisa ulikuwa namba tisa. Huo ndio uliokatwa. Mti mzima ulikuwa umekufa na mti mbovu ukabaki kwa sababu mtu mmoja alisema *langoni* akiwa na lango moja kichwani, na mwingine akasikia *langoni* akiwa na jingine.

"Karani aliyeandika hapa yuko wapi?"

"Yuko likizo. Amefiwa."

"Na nani?"

Mkuu wa bustani alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya gari lake mwenyewe.

"Mama yake. Kwani hukuambiwa? Karani ni binti yake Mzee Reki. Mtoto wao ni huyo tu."

Saa tisa alasiri Inspekta alimwita mzee kutoka kwenye korido.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshaitwa kufungwa?"

"Kaa kwanza."

Aliweka ile kamba mezani. Mzee aliichukua kabla hajaambiwa, akaigeuza, akafika kwenye mkato. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi uso wake ulikuwa na hasira.

"Nani ameikata hivi? Kamba nzima."

"Msumeno. Jumatano saa tisa alasiri. Wewe uliniambia uliifungua jioni."

Mzee aliirudisha mezani taratibu.

"Mama alikuwa anajua kuhusu kamba?"

"Nilimwambia. Jumatatu nilipofika nyumbani nikamwambia, mama, mti wa pale kwenye benchi lako umeoza, usikae mpaka uone kamba imetoka." Alikuwa anazungumza na kamba. "Alikuwa mtu wa kusikia. Ukimwambia kitu humwambii mara mbili. Basi akaona imetoka, akakaa."

Inspekta aliuliza kwa sauti ya mtu anayejaza fomu.

"Alhamisi ulikuwa mzunguko wa barabara. Ulipigiwa simu, ukakimbia. Uliingia bustanini upande gani?"

"Ukutani."

"Ukutani ni wapi?"

"Pale palipokuwa na lango zamani. Kuna upenyo, sisi wafanyakazi tunapita."

"Wafanyakazi wote mnapaita ukutani?"

"Wote. Miaka kumi na mmoja."

"Kwa hiyo mtunza bustani akisema *langoni*, ni lango la sasa tu. Hana maana nyingine."

Mzee aliinua macho. Aliona alipofikishwa, na hakuwa na pa kurudi.

"Ulipopita ukutani," Inspekta aliendelea, "kitu cha kwanza ulichokutana nacho ni kisiki cha namba tisa."

"Ndiyo."

"Hukuwa umefika alipo mama."

"Bado." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Niliona kile kisiki, mwanangu, nikasimama. Watu wananiita kule mbele, njoo, njoo, mimi nimesimama. Nilijua yote pale pale. Binti yangu alipokuwa mdogo nilikuwa namwingiza kwa lango lile asubuhi, nimemshika mkono, tunahesabu miti. Ndivyo alivyojifunza kuhesabu. Alikuwa anafika wa tisa anachoka, namweka kwenye toroli. Kila siku wa tisa. Hata siku ambayo hajachoka, akifika wa tisa anainua mikono. Angekuwa karani mwingine yeyote, angehesabu kutoka lango la sasa."

"Hajui?"

"Hajui. Anajua mti umeanguka. Anafikiri walichelewa kuukata. Hajakanyaga bustanini tangu siku ile, na sitaki akanyage."

"Ndiyo maana ukakiri."

"Mimi nina miaka mingapi imebaki? Nifungeni. Jela nako kuna majani ya kufyeka."

Inspekta alifunga kijitabu chake. "Nimekusikiliza, mzee, sasa nawe unisikilize. Maelezo yako ni ya uongo na nina kamba ya kuthibitisha. Nikiyaacha kama yalivyo, yule aliyegonga mhuri bila kwenda kuuona mti atakwenda nyumbani, na Jumatatu ijayo atagonga mwingine. Angetembea hatua mia mbili tu, angeona kamba iko kwenye mti mmoja na namba yake iko kwenye mwingine."

"Sina haja naye."

"Mimi ninayo. Na siwezi kumfikisha mahakamani bila kuonyesha namba ilivyokosewa tangu mwanzo. Aliyeandika namba ni mmoja. Lazima nimhoji."

Mzee aliisogeza ile kamba pembeni kwa kidole.

"Kesho nitamleta mwenyewe," alisema. "Muulize. Muulize kitabu, muulize simu ilipigwa saa ngapi, muulize mhuri nani anagonga. Ila lango usimuulize. Nimekuomba hilo tu, mwanangu. Lango usimuulize."

"Nimekusikia, mzee," Inspekta alisema.

Alimaanisha kwamba maneno yamemfikia, si zaidi. Mzee aliinamisha kichwa kama mtu aliyekubaliwa, akaikunja ile kamba vipande vyote viwili, akaiacha mezani ikiwa imepangwa vizuri.

Walifika saa mbili asubuhi. Binti alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu kumzidi baba yake, mkoba wa karatasi kwapani. Mzee alibaki kwenye korido, kwenye kiti kilekile cha siku zote. Mlango ulipofungwa, binti alitoa kalamu yake mwenyewe na kuiweka mezani.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Asante. Baba hakulala. Naomba tumalize mapema nimrudishe."

Alikuwa shahidi wa aina ambayo Inspekta aliipenda. Alijibu alichoulizwa, akaishia hapo. Simu ilipigwa saa mbili na robo. Aliyepiga ni baba yake, lakini kazini alimwandika mtunza bustani, kama wengine. Utaratibu unataka namba ya kibati. Kibati kikiwa kimemezwa na gome, karani anahesabu miti na kutafuta namba mwenyewe. Kwa miaka mitatu aliyokaa mapokezi hilo lilikuwa halijamtokea hata mara moja.

"Kwa hiyo uliitazama ramani."

"Ramani iko kwa mkuu, nyuma ya mlango. Sikwenda. Ile bustani naijua kwa kichwa, nimekulia pale."

"Mkuu alikuuliza lolote kuhusu namba hiyo kabla ya kugonga mhuri?"

"Hapana. Huwa haulizi. Anagonga."

Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno. Kwenye karatasi yake kulikuwa na maswali kumi na moja na alikuwa amemaliza kumi. Nje, kwenye korido, mzee alikohoa.

"Baba yako alisema mti wa tisa kutoka langoni."

"Ndiyo."

"Lango lipi?"

"Lango," binti alisema, "si lile la..."

Mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kuonyesha upande. Ulibaki hewani. Inspekta hakuangalia pembeni. Kwa muda binti alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kwenye chumba cha pili. Kisha mkono ulishuka mezani, na vidole vikaanza kugusa mbao kimoja kimoja. Vilifika vitano, vikarudi, vikafika vinne, vikasimama.

"Kamba," alisema. "Aliiweka kwenye namba ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na kikosi kilikata tisa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu mimi niliandika tisa."

"Na mkuu wa bustani akagonga mhuri bila kwenda kuangalia. Hilo ndilo kosa la jinai. Lako si la jinai."

Binti alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayefukuza nzi. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine na hiyo haikutoka kwa muda mrefu.

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

Inspekta angeweza kusema hajui. Ilikuwa imeandikwa kwenye kijitabu chake.

"Tangu Alhamisi. Alipita ukutani, akaona kisiki. Kabla hajafika kwa mama."

Binti alilaza kiganja juu ya mdomo wake akakikandamiza, na hakikutoka kilio. Inspekta alimimina maji kwenye glasi, akayaweka karibu naye. Hayakuguswa.

"Nisomee nilichosema," binti alisema baadaye.

Inspekta alisoma. Alipofika jibu la mwisho, ambalo alikuwa amelimalizia mwenyewe kwa kuandika *nilidhani ni lango la zamani*, binti alimkatiza.

"Futa hapo nilidhani. Sikudhani chochote. Andika sikuuliza."

Inspekta alifuta, akaandika *sikuuliza*, wote wawili wakaweka sahihi ndogo kando ya neno. Mwandiko wa binti ulikuwa uleule, umelala kulia, kila herufi imekamilika.

"Nina ombi," binti alisema. "Usimwambie kama nimejua."

"Maelezo haya yatasomwa mahakamani. Naye atakuwepo."

"Lini?"

"Miezi mitatu. Pengine minne."

"Basi ninayo miezi mitatu." Alichukua kalamu yake. "Maji ya kunawa yako wapi?"

Inspekta alimwonyesha sinki nyuma ya kabati la mafaili. Maji yalitiririka muda mrefu. Binti aliporudi, uso wake ulikuwa umekaushwa kwa karatasi, umenyooka, na mtu asiyemjua asingegundua kitu. Alifungua mlango mwenyewe.

Mzee alikuwa tayari amesimama.

"Wamekuuliza nini, mama?"

"Kitabu, baba. Na saa ya simu."

"Na nini kingine?"

"Mhuri nani anagonga."

"Basi?"

"Basi, baba. Twende ukalale."

Mzee alimtazama usoni, kwanza jicho moja, kisha jingine, jinsi anavyotazamwa mtoto aliyeanguka akasema hakuumia. Mabega yake yalishuka. Alimpokea binti mkoba, akautia kwapani, na juu ya bega la mtoto wake akamtafuta Inspekta aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ili asisikike sana. "Mungu akulipe."

Inspekta alikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli: lango alikuwa amemuuliza. Alilibana mdomoni mpaka wale wawili walipofika mwisho wa korido, binti amemshika baba yake kiwiko, wakateremka ngazi. Kisha alirudi ndani, akaketi, akaandika chini ya maelezo saa ya kumaliza mahojiano.